Siku Nilipomfanya Apollo Mwanamke

Faili la tafsiri yangu, kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza, lilirudi saa tatu usiku. Pembeni mwa ukurasa wa nne mhariri alikuwa ameacha swali moja la maneno matatu: “Who is she?” Hakuongeza kitu.

Nikafungua picha. Nakiri kwamba mpaka saa hiyo sikuwa nimeifungua. Ilikuwa nzito, bando lilikuwa linaelekea ukingoni, na maelezo ya Kifaransa nilikuwa nayo tayari. Picha ya nini tena? Akatokea kijana wa shaba nyeusi, kimo chake hakizidi shubiri, uchi wa mnyama, nywele ndefu zimemlalia mabegani. Apollo. Wala hapakuwa na nafasi ya kubisha, maana fundi aliyemtengeneza hakuficha kitu. Nami katika mistari sita nilikuwa nimeandika “her hair”, “her left arm”, “her gaze”.

Maelezo yalianza na “Divinité debout”, yaani mungu aliyesimama. Neno “divinité” ni la kike katika sarufi ya Kifaransa, hata mungu mwenyewe awe na ndevu za kufika kifuani. Likishatajwa mwanzoni, kila kinachofuata huenda na “elle”, yaani “she”. Nami nikalifuata kama kondoo hadi mwisho wa aya.

Mimi ni mtoto wa Buyenzi, Bujumbura, mtaa ambao Kiswahili ndicho lugha ya nyumbani, ya gereji na ya baraza za msikiti. Kirundi nilikipata shuleni na mtaani. Kifaransa nilikipata kwa walimu waliokuwa wakali kuliko Wafaransa wenyewe. Kiingereza nilikikuta Nairobi nikiwa tayari na ndevu. Kwa miaka kadhaa nilifasiri vyeti vya kuzaliwa, hati za ndoa na ripoti za mashirika, kisha mwenzangu mmoja aliyechoka akaniachia mteja wake: nyumba ya mnada ya Paris inayouza vitu vya kale vya Misri, Ugiriki na Roma, na ambayo katalogi zake lazima zisomwe na wanunuzi wa London na New York. Wanalipa kwa neno. Nikajiambia riziki imenifuata mezani. Sanamu haibadilishi kauli, haikimbii, imesimama pale pale miaka elfu mbili na zaidi. Kazi yangu ni kuhamisha maneno tu.

Basi Apollo akanikalisha chini.

Kiswahili hakijui “he” wala “she”. Nikisema “mkono wake”, huwezi kujua kama ni wa bwana au wa bibi. Kifaransa kinasema “sa main”, na hiyo “sa” inafuata jinsia ya mkono, haina habari na mwenye mkono. Kwa hiyo lugha mbili nilizokulia zote zinamsitiri mtu. Kiingereza hakisitiri. Kinataka kujibiwa: “his”, “her”, au “its”? Na hiyo ya tatu ndiyo iliyonitesa zaidi, kwa sababu sanamu ni mtu na ni jiwe kwa wakati mmoja. Apollo ananyoosha mkono: huo ni wake yeye, “his”. Mkono umekatika kiwikoni: hapo aliyekatika si Apollo, ni shaba. Ukiandika “his forearm is missing” msomaji anaona wodi ya majeruhi. Siku hizi nimejizoeza hivi: mungu akitenda jambo namwachia “his” yake, kitu kikivunjika naondoa umiliki kabisa, naandika “the right forearm is missing”, maisha yanaendelea.

Mhariri wetu, mama mmoja wa Kiingereza aliyefanya kazi makumbusho maisha yake yote, hakuwahi kunifokea. Kila kosa alilijibu kwa swali. Nilikuja kuyaogopa maswali yake kuliko matusi.

Somo la kufungua picha kwanza nililipata mara ya pili kwa mwandishi wa Misri. Namsema yule wa Louvre, makumbusho ya Paris, aliyechimbuliwa Saqqara mwaka 1850 na Auguste Mariette, sanamu ya jiwe la chokaa iliyopakwa rangi, macho yake yametiwa kioo cha mwamba na yanakutazama mpaka unajisahihisha namna ulivyokaa. Wafaransa wanamwita “le Scribe accroupi”. Katalogi yangu ilimtaja kwa ulinganisho tu: kitu fulani cha mnada kimekaa kama yeye. Sasa kwa Kifaransa nilichofundishwa, mtu aliye “accroupi” amechutama, magoti juu, makalio hayagusi chini, kama wanavyochutama akina mama mbele ya jiko la makaa. Nikaandika “crouching”. Swali likarudi: “Have you looked at his legs?”

Nikaangalia. Hakuchutama hata kidogo. Amekaa kitako, amekunja miguu mmoja juu ya mwingine, karatasi ya mafunjo imetandazwa mapajani, sawasawa na mtoto wa chuoni mwenye msahafu wake. Kifaransa kimebaki na jina la kale ambalo hakuna anayetaka kulibadilisha. Waingereza walimwangalia mtu mwenyewe wakamwita “the Seated Scribe”, aliyekaa. Kamusi yangu isingeniambia hilo milele.

Sijawahi kukanyaga Paris. Lakini tangu Machi 2021 Louvre imeweka mkusanyiko wake kwenye intaneti, zaidi ya vitu 480,000, bure kabisa, na picha ambazo unaweza kuzikuza hadi ukaona alama za patasi. Mteja akiniletea mtungi wa Kigiriki leo, sikifungui Kifaransa chake kwanza. Natafuta mitungi mitano ya namna ile ile kwenye tovuti za makumbusho ya Waingereza na Wamarekani, British Museum au Metropolitan, nasoma wanavyoieleza wao kwa wao. Asubuhi nzima inaweza kupita sijaandika neno, na kwa malipo ya neno kwa neno hiyo ni asubuhi ya njaa. Ila huko ndiko nilikojua kwamba “céramique à vernis noir”, yaani vyombo vya udongo vyeusi vya kung'aa, haina vanishi yoyote kwa Kiingereza, wanaiita “black-gloss”. Na kwamba “alabastre” ni chupa ya manukato yenye umbo la kidole, “alabastron”, ambayo inaweza kuwa ya udongo mtupu, wakati jiwe la alabasta ni “albâtre”. Herufi mbili tatu, na unamuuzia mtu wa New York udongo kwa bei ya jiwe.

Lakini kilichonibadilisha kabisa ni neno moja ambalo nilidhani nalijua kuliko Mfaransa yeyote. Pagne.

Kwa mtu wa Bujumbura, au Kinshasa, au Goma, “pagne” ni kitenge. Mama yangu mkubwa amekula na kulea watoto kwa biashara ya vitenge. Alikuwa na meza yake soko kuu la Bujumbura mpaka lilipoungua Januari 2013, na tangu hapo anauzia nyumbani. Kwenye katalogi nikamkuta ofisa wa Misri ya kale “vêtu d'un pagne plissé”, yaani amevaa pagne ya mikunjo. Kamusi ikanipa “loincloth”. Nikaandika “loincloth”. Mhariri akakata, akaandika “kilt”, na kwa mara ya kwanza nikabisha. Kilt mimi niliijua kwa wanaume wa Scotland wanaopuliza zumari la mfuko. Ofisa wa Firauni na Scotland wapi na wapi?

Nikampigia mama mkubwa, nikamtumia picha kwenye WhatsApp. Nilitaka tu kucheka naye. Akanirudishia sauti ndefu, akiwa na uzito wa mtu anayeulizwa jambo la fani yake.

“Mwanangu, hiyo si winda. Winda inapita katikati ya miguu halafu unaichomeka nyuma, wavuvi wa Ujiji walikuwa wanapiga winda, bibi yangu alikuwa akitusimulia. Huyo amejifunga shuka kiunoni, kaizungusha mara moja, pindo limekuja mbele. Ni kama msuli, ila fupi. Na ameipiga pasi kwa mikunjo, anaonekana ana mtu wa kumfulia.”

Nilinyamaza. Pale pale nikaona: “loincloth” ni winda, “kilt” ni shuka fupi ya kuzungushia kiunoni, na Kifaransa kimezitia zote mbili kwenye kapu moja la “pagne”. Kiswahili, lugha ambayo hakuna aliyeniomba niitumie katika kazi hii, ndicho kilichokuwa na maneno mawili kwa vitu viwili. Mama mkubwa hajui Kiingereza zaidi ya “how much”, na alikuwa amempa ushindi mama wa Kiingereza bila kumjua. (Hilo la kuwa na mtu wa kumfulia nalo halikuwa mbali na ukweli. Mikunjo ile haikujikunja yenyewe.)

Tangu siku hiyo nikaanza kufanya jambo ambalo sikumwambia mteja. Nikishaona picha, kabla ya kuandika, nakieleza kitu kwa Kiswahili, kwa sauti, kama vile mama mkubwa yuko upande wa pili wa simu. Wakati mwingine kweli yuko.

Nionyeshe mfano, maana bila mfano haya ni maneno ya barazani. Maelezo ya Kifaransa huja hivi: “Homme debout, la jambe gauche avancée, les bras le long du corps, vêtu d'un pagne plissé, coiffé d'une perruque courte. Les yeux étaient incrustés.” Hesabu vitenzi katika sentensi ya kwanza. Hakuna hata kimoja kilichonyambuliwa. Mfaransa anaweka nomino mlangoni kisha anaitundikia vitu mmoja baada ya mwingine, kama koti na kofia ukutani. Kwa Kifaransa inapendeza, ina utulivu wa aina yake. Miaka yangu ya mwanzo ningeandika: “Man standing, the left leg advanced, the arms along the body, dressed in a pleated loincloth, coiffed with a short wig.” Kila neno linatetewa na kamusi, na hakuna Mwingereza aliyewahi kuzungumza hivyo tangu azaliwe.

Sasa mwambie mama mkubwa. Huwezi kumwambia “mtu wima, mguu kushoto mbele, mikono kando”. Atadhani unasoma telegramu ya msiba. Utasema: mwanamume amesimama, ametanguliza mguu wa kushoto, mikono ameishusha ubavuni, amevaa nywele za bandia fupi na amejifunga shuka ya mikunjo, macho yake yalikuwa ya kutiwa, sasa yametoka. Amesimama, ametanguliza, ameishusha, amevaa, amejifunga. Hiyo “-me-” yetu ni zawadi kwa mtu anayeeleza sanamu: inasema kitendo kimekwisha na hali yake bado ipo mbele ya macho yako. Sanamu yote ni “-me-”. Na mara tu nilipopata vitenzi, Kiingereza kikaja chenyewe: “A man stands with his left foot forward and his arms at his sides. He wears a short wig and a pleated kilt. His eyes were once inlaid.”

Angalia hilo “once”. Kifaransa kina “étaient” peke yake, na msomaji wa Kifaransa anaelewa kwamba macho hayapo tena. Kwa Kiingereza “were inlaid” inaweza kumaanisha tu namna yalivyotengenezwa. Mimi nililipata kwenye ile “sasa yametoka” niliyomwambia mama mkubwa. Na “coiffé” nayo, iliyonipeleka kwa kinyozi siku za mwanzo, inamaanisha tu kwamba kichwani kuna kitu. Iwe taji, iwe kilemba, iwe nywele za bandia, Kiingereza kinatosheka na “wears”.

Mitungi ilikuwa rahisi zaidi, kwa sababu mtungi ni mtungi dunia nzima. Wetu una mdomo, shingo, tumbo na kitako. Wa Mfaransa una “lèvre”, “col”, “épaule”, “panse”, “pied”. Wa Mwingereza una mdomo, shingo, bega na mguu vile vile, ila likija suala la tumbo anaona haya kidogo na mara nyingi huandika “body”. Mapambo ndiyo yenye vituko. Kuna mchoro wa mawimbi yanayokimbizana ukingoni mwa chombo, ambao Wafaransa huuita “postes”. Nilihangaika nusu siku nikitafuta posta imeingiaje Ugiriki ya kale. Waingereza nao wana majina yao, mojawapo likiwa “running dog”, mbwa anayekimbia. Sisi tungesema mawimbi, tukamaliza. Huwa naandika “running wave” na mbwa namwacha apumzike.

Siwezi kupitia maneno yote. Mengine ni ya kukariri kama jedwali la kuzidisha: “Nouvel Empire” ya Wafaransa, kipindi kimoja cha Misri ya kale, ni “New Kingdom” ya Waingereza, na ukiandika “New Empire” kila msomaji anajua mara moja kwamba hukutoka nyumba hiyo. Aménophis ni Amenhotep, Chéops ni Khufu, Ulysse ni Odysseus. “Grès” ni jiwe la mchanga kwenye sanamu ya Misri na ni udongo uliochomwa kwa moto mkali kwenye mtungi wa Kichina, na Mfaransa haoni sababu ya kukueleza ni lipi. “Accidents et manques” hakuna aliyegongwa na gari: ni “damage and losses”, palipoumia na palipopungua.

Kuna usiku niliandika “the French Vase” nikimaanisha “le vase François”. Nilikuwa na usingizi. François ni jina la mtu, Alessandro François, Mwitalia aliyekichimbua chombo hicho karibu na Chiusi mwaka 1844, na vipande zaidi vikapatikana mwaka uliofuata. Ni chombo kikubwa cha Kiathene, kimejaa hadithi za miungu toka mdomoni hadi mguuni, na kiko Florence. Mwaka 1900 mlinzi wa makumbusho alikirushia kigoda, kikapasuka vipande 638. Wakakiunganisha. Nilipoisoma habari hiyo nilimsamehe mhariri kwa kila swali alilowahi kuniuliza. Kuna watu kazi yao ni kuokota vipande.

Baadaye mteja aligundua programu za kufasiri. Akaanza kunitumia Kiingereza kilichokwisha kutoka kwenye mashine, nikisafishe kwa nusu ya malipo. Sina ugomvi na mashine. Inajua maneno mengi kuliko mimi na haishikwi na usingizi. Ila haioni. Ilinipa sanamu ndogo ya Osiris, mungu wa Misri, “bronze, full cast iron”. Shaba nyeusi ambayo ni chuma kitupu! Kifaransa kilisema “bronze, fonte pleine”. Neno “fonte” ni chuma cha kusubu, na pia ni kitendo chenyewe cha kusubu. Hapa maana yake ni kwamba sanamu imesubiwa ikajaa, haina uwazi ndani. “Solid cast”, maneno mawili. Fundi yeyote wa gereji za Buyenzi angeiona picha akajua hiyo si chuma, maana chuma cha miaka elfu mbili na mia tano kingekuwa kutu, na ile ilikuwa na ukungu wa kijani. Nilirudisha faili na nikadai malipo kamili. Nilipata robo tatu.

Sifa nazo ni mtihani. Mfaransa wa mnada hawezi kukuonyesha kichwa cha marumaru bila kukwambia kina “une grande finesse” na “une présence saisissante”. Ukiyahamisha yote, Kiingereza kinanuka marashi ya kupindukia na mnunuzi anaanza kushuku mali. Ukiyafuta, mwenye mali anauliza fedha zake zimekwenda wapi. Mimi huacha sifa moja, ile ambayo picha inaweza kuishuhudia, na nyingine naigeuza kuwa kitu kinachoonekana: badala ya wembamba wa ajabu, nasema kope zimechongwa moja moja. Wengine watasema hapo nimevuka mpaka wa mfasiri. Huenda.

Ila kuna mahali ambapo sivuki mpaka wowote tena, na sababu yake bado inaniuma.

Chini ya kila kitu katalogi huweka historia ya umiliki, kwa herufi ndogo. Kimoja kiliandikwa: “Ancienne collection privée, France, constituée dans les années 1960-1970.” Mtego wa kwanza niliujua, kwa kuwa ulikwisha kuninasa mara mbili: “ancienne” ikitangulia namna hii haimaanishi ya kale, inamaanisha iliyokuwa ya mtu fulani zamani. Nikaandika kwa kujiamini: “Formerly in a private collection, France, formed between 1960 and 1970.”

Swali lilikuja mapema kuliko kawaida. “Do you know what happened in 1970?”

Sikujua. Tarehe 14 Novemba 1970, hapo hapo Paris, UNESCO ilipitisha mkataba wa kuzuia biashara haramu ya mali za kitamaduni. Ufaransa yenyewe iliuridhia mwaka 1997 tu, lakini makumbusho mengi na wanunuzi wengi wameufanya mwaka 1970 kuwa mstari: kitu kilichotoka nchini kwao kabla yake hakiulizwi sana, kilichotoka baadaye kinadaiwa karatasi. Sasa soma Kifaransa tena. “Les années 1960-1970” ni miongo miwili, miaka ya sitini na miaka ya sabini, mpaka mwisho wa 1979. Mimi niliufunga mlango mwaka 1970 kamili. Kwa neno “between” nilikuwa nimefuta miaka tisa, na ndiyo hasa miaka ambayo mtu mwenye mashaka angetaka kuiuliza.

Nilitoka nje nikazunguka mtaa mara mbili. Nikikosea mwaka kwenye cheti cha kuzaliwa, mtu mmoja anasumbuka dirishani kwa siku kadhaa. Hapa, kama kaburi la mtu lilichimbwa usiku huko Misri au Italia mwaka 1975, mimi niliyekaa Nairobi na kikombe cha chai nilikuwa nimewagongea wachimbaji muhuri. Na kwa nia njema kabisa. Sentensi ilisomeka vizuri, Kiingereza kilikuwa safi, labda safi kuliko yote niliyoandika mwezi ule.

Sasa sehemu ya umiliki ndiyo naianza, alfajiri, kichwa kikiwa bado chepesi. Hapo sitafuti uzuri. “In the 1960s and 1970s”, hata kama inakwaruza. Kifaransa kikiwa na ukungu, Kiingereza changu kinabaki na ukungu ule ule, na nikishindwa kujua ukungu umeishia wapi naandika barua kuuliza. Mteja hapendi barua zangu. Zinachelewesha uchapaji.

Mwezi uliopita walinitumia chupa ya Kigiriki, nyembamba, ya Athene ya karne ya 5 KK, aina ambayo watu waliiacha kaburini ikiwa na mafuta ya marehemu. “Lécythe à fond blanc,” na mstari wa mwisho kabisa, kama jambo la kupita: “double fond.” Neno “fond” mara mbili. Zamani ningeandika “white bottom” na kulala usingizi mnono. Picha ikaniambia kwamba kitako ni cheusi. Cheupe ni uwanda wa mwili ambao juu yake wamechora mwanamke anayeleta utepe kaburini. Hiyo ni “white-ground”. Lakini “double fond” ya pili? Hiyo sasa ni kitako kweli, kitako cha uongo. Nikasoma nilichoweza kusoma kwa Waingereza, kisha nikampigia mama mkubwa kumwelezea.

“Ni chupa ya mafuta ya maiti,” nikamwambia. “Nje ni kubwa. Ila ndani, chini kidogo ya shingo, wametia kikombe kidogo kimefichwa. Ukimimina mafuta kidogo tu yanafika juu.”

“Na watu wakichungulia mdomoni?”

“Wanaona imejaa.”

Kimya. Kisha kicheko, kile cha kwake cha kifuani kinachoishia kwenye kikohozi.

“Kumbe walikuwa wanampunja maiti wao! Na majirani wanasifu mazishi!” Akakohoa tena. “Waandikie hivyo hivyo Wazungu wako. Usiwafichie.”

Nikaandika: “White-ground lekythos. A small inner cup, set below the neck, made the vessel look full when it held very little oil.” Mhariri aliirudisha siku ya pili bila swali lolote.